Ng'ombe Umemla, Mkia Unakushinda?

Sitaki kusikia tena habari za hamu.

Kila ninapokutana na mwanafunzi wa uzamivu aliyefika mwaka wa mwisho, naimbiwa wimbo uleule: hamu imekwisha. "Data ninazo, sura nne ziko tayari, ila ile hamu sina tena." Anayasema hayo ametazama chini, utadhani anaungama ugonjwa wa ukoo. Kisha anafungua simu kumsikiliza mhamasishaji anayepiga kelele kuhusu ndoto kubwa. Video inakwisha. Sura ya tano bado haijaanza.

Nami nimo humo humo, mwenzangu. Nimechoka kama wewe, nadaiwa kama wewe, na faili liitwalo "tasnifu ya mwisho kabisa 2" limo kwenye kompyuta yangu pia. Ndiyo maana nimeishiwa subira. Tumedanganywa, na uongo huo tumeupokea kwa mikono miwili.

Uongo wenyewe ni kwamba tasnifu humalizwa na hamu.

Hamu ni ya mwaka wa kwanza. Ndiyo iliyokufanya uwatumie ndugu zako picha ya barua ya udahili. Ndiyo iliyokupeleka uwandani na dodoso begani. Imeshafanya kazi yake. Mwaka wa mwisho ni wa kusawazisha marejeo, kupanga upya majedwali, kujibu swali lilelile la msimamizi kwa mara nyingine, na kufuta aya uliyoipenda. Nani ana hamu ya hayo?

Wahenga walisema mla ng'ombe hashindwi na mkia. Hawakuwahi kumwona mwanafunzi wa uzamivu wa Afrika Mashariki! Umekula pendekezo la utafiti. Umekula kibali cha utafiti cha COSTECH, au cha NACOSTI kama uko Kenya. Umekula vumbi la uwandani, umekula uchambuzi wa data. Umebaki mkia, na mkia huo unaukodolea macho mwaka wa pili sasa.

Usidhani ni laana ya kwenu tu. Marekani, yenye fedha na maktaba zake, baraza lao la vyuo vya uzamili na uzamivu liliwafuatilia wanafunzi kwa miaka mingi likakuta kwamba baada ya miaka 10 waliokuwa wamemaliza ni takriban asilimia 57 tu. Huko Flanders, Ubelgiji, utafiti uliochapishwa mwaka 2017 uliwauliza wanafunzi wa uzamivu zaidi ya 3,600. Asilimia 32 walikuwa katika hatari ya kupata maradhi ya akili, hasa sonona.

Kwa hiyo kama hulali, huli, moyo unakwenda mbio ukiona tu jina la msimamizi kwenye simu, usikubali kuitwa mvivu. Nenda kwa daktari. Usiende kwa mhamasishaji.

Ila tusichanganye mambo. Maradhi yana tiba yake. Leo nataka kusema juu ya kitu ambacho si maradhi: ulaghai.

Unaijua ile fomu ya ripoti ya maendeleo? Unaijua sana. Inakuja kila baada ya miezi kadhaa. Wewe hujaandika kitu, unasaini. Msimamizi hajasoma kitu, anasaini. Mkuu wa idara hajauliza kitu, anasaini. Ofisi inagonga muhuri. Na pale penye nafasi ya maoni panaandikwa maneno matatu matamu: maendeleo ya kuridhisha.

Kuridhisha nani?

Sura imekaa kwa msimamizi muhula mzima bila kufunguliwa. Maendeleo ya kuridhisha. Mwanafunzi amefundisha vipindi vya idara, amesahihisha mitihani ya darasa lenye mamia ya vijana, tasnifu yake hajaigusa. Maendeleo ya kuridhisha. Ufadhili umekatika, anakopa ada. Maendeleo ya kuridhisha. Siku muda wa usajili ukifika ukingoni, chuo kitafungua jalada, kitakuta fomu zote ni safi, na kitakuuliza: sasa tatizo lako lilikuwa nini?

Utajibu nini, nawe ulisaini?

Tazama tunavyowaandikia wasimamizi wetu. "Shikamoo Profesa, samahani sana kwa usumbufu." Usumbufu gani? Unalipa ada, umeandika kurasa sitini, unaomba zisomwe, halafu unaomba radhi! Tiki mbili za bluu zinatokea. Kimya. Unasubiri wiki, unasubiri mwezi. Unaogopa kukumbusha, usije ukaonekana huna adabu. Mwisho sura inarudi, na katika kurasa zote hizo kuna neno moja ukurasa wa tatu: "Fafanua."

Au mbaya zaidi: unaambiwa ubadilishe nadharia. Nadharia ileile aliyoipitisha yeye mwenyewe kwenye pendekezo!

Heshima kwa mwalimu ni jambo jema. Tumelelewa nayo, na atakayeniambia niitupe simsikilizi. Lakini heshima haijawahi kuwa kukaa kimya wakati miaka yako inaliwa. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na matumbo yanayoumia hapa si ya profesa.

Najua, naye ana mzigo. Ana madarasa yaliyofurika, ana vikao visivyokwisha, ana kazi za ushauri zinazomlipa karo ya watoto wake. Kanuni za Kenya zimeweka hata ukomo wa wanafunzi ambao msimamizi mmoja anaruhusiwa kuwabeba, kwa sababu walioziandika walijua. Lakini kwa nini mzigo wake ulipwe kwa miaka yangu?

Wakubwa wenyewe hutaka nini? Mwaka 2014 Kenya ilitangaza kwamba mhadhiri wa chuo kikuu lazima awe na uzamivu, ikatoa miaka mitano watu wajipange. Shinikizo likashuka toka juu. Juni 2019 Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta kikatunuku shahada za uzamivu 118 katika mahafali moja. Nchi ikashtuka. Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ikaingia kuchunguza.

Uchunguzi ulikuwa haki. Shahada ya mchongo ni sumu kwa wote, hata kwa aliyeitolea jasho. Lakini nauliza: wakimaliza wengi mno, tume inaingia. Wasipomaliza, nani anashtuka? Lini umesikia chuo kimeitwa kujieleza kwa nini wanafunzi wake wa uzamivu wamezeekea mwaka wa mwisho? Wanaomaliza haraka wanatiliwa shaka, wanaooza taratibu wanaandikiwa maendeleo ya kuridhisha!

Sasa nigeuke kwako. Usijifiche nyuma ya msimamizi.

Sura ya pili umeiandika upya mara ngapi? Kila makala mpya ikitoka, unarudi kuiingiza. Umehudhuria semina zote za namna ya kumaliza uzamivu, umepata vyeti vya kuhudhuria, na uzamivu hujamaliza. Umebadilisha rangi za majedwali. Umebadilisha programu ya kupangia marejeo. Umekuwa katibu wa kamati za harusi za mtaa mzima, na MC anapokutambulisha kama "Dokta mtarajiwa" unainuka kupunga mkono.

Mtarajiwa mpaka lini?

Nikuambie unachokiogopa? Tasnifu ambayo haijawasilishwa hakuna anayeweza kuikataa. Maadamu imo ndani ya kompyuta yako, ni kazi kubwa kuliko zote zilizowahi kuandikwa. Ikifika kwa mtahini wa nje itakuwa tasnifu tu, yenye makosa, yenye mapengo, itakayorudi na orodha ya marekebisho. Basi unaona heri ibaki kuwa ndoto. Huko siko kukosa hamu. Ni woga, na woga tuuite kwa jina lake.

Utanitajia Ngũgĩ wa Thiong'o, kwamba naye aliiacha tasnifu yake ya uzamili Leeds. Kweli, aliiacha. Lakini aliondoka kule na riwaya ya A Grain of Wheat, iliyochapishwa mwaka 1967. Wewe ukiiacha yako leo, utaondoka na nini? Na vyeti vya semina?

Hebu twende Nairobi. Kuna vijana kule, wengi wao wahitimu wasio na ajira, wanaokesha wakiandika insha na tasnifu za wanafunzi wa Marekani na Uingereza. Magazeti yameieleza biashara hiyo, na mwaka 2024 filamu ya The Shadow Scholars iliianika mbele ya dunia. Ni biashara ya udanganyifu na siitetei hata kidogo. Lakini itazame vizuri. Kijana yule anaandika mada asiyoichagua, kwa jina la mtu asiyemjua, kwa shahada ambayo hatalivaa joho lake. Anamaliza. Anamaliza kwa wakati. Hakuna anayemuuliza kama ana hamu. Ana tarehe, na asipoiheshimu halipwi.

Inakuwaje amalize tasnifu ya mtu wa Manchester, nawe ushindwe kumaliza ya kwako, uliyoichagua, uliyoitolea machozi na akiba ya familia?

Jibu ni moja. Yeye ana tarehe inayouma. Wewe una fomu inayokubembeleza.

Na kubembelezwa huko kuna bei. Ada ya mwaka wa ziada haisubiri hamu yako. Likizo ya masomo inakwisha, mwajiri anakurudisha kazini, na ukisharudishwa ratiba ya kazi inakumeza. Kibali cha utafiti kinaisha muda. Msimamizi anastaafu, na mpya anayekuja hana haja na mada yako. Data inazeeka: bei za sokoni ulizozirekodi miaka ile leo ni historia, na mtahini atakuuliza kwa nini unazileta kama habari za jana. Wenzako mliodahiliwa pamoja wanapandishwa vyeo, wewe bado unaitwa msaidizi.

Nyumbani je? Mwanao ameacha kuuliza utamaliza lini, kwa sababu jibu analijua. Mkeo au mumeo ameacha kukutetea kwa ndugu.

Kuna deni jingine ambalo hatulitaji kabisa. Wale wanakijiji walioacha mashamba yao wakakaa chini ya mwembe kujibu maswali yako. Yule bibi aliyekutajia majina ya mitishamba ambayo wajukuu zake hawayajui. Walikupa bure. Uliwaahidi kwamba matokeo yatawafaa. Baadhi yao wameshatangulia mbele za haki, na maneno yao umeyafungia kwenye flashi ndani ya droo. Hayo nayo utasema ni kukosa hamu?

Basi tuamke. Tarehe hukupewa, itoe wewe. Andika siku utakayowasilisha, ipeleke kwa msimamizi kwa barua pepe, siyo kwa WhatsApp, na mkuu wa idara apate nakala. Ukiwasilisha sura, taja siku unayotarajia mrejesho. Siku hiyo ikipita, kumbusha bila kuomba radhi. Ikipita tena, panda ngazi. Kanuni za chuo chako zimeandikwa. Zisome, kwa maana nazo ni zako.

Saa mbili kila alfajiri, simu ikiwa chumba kingine, ni za tasnifu. Ukiwa na hamu, andika. Ukiwa huna, andika vilevile. Tafuta wenzako wawili wenye njaa ya kumaliza, msomeane rasimu kila wiki, mwambiane ukweli. Makundi ya simu ya kutumiana vichekesho kuhusu wasimamizi yaache, hayajamvisha mtu joho.

Kamati za harusi zitapata katibu mwingine.

Na ninyi wakuu wa shahada za juu, msidhani nimewasahau. Wekeni muda wa mrejesho na muusimamie kama mnavyosimamia tarehe za ada. Watahini watafutwe kabla tasnifu haijawasilishwa, siyo baada. Acheni kumtoza mwanafunzi ada wakati kazi yake iko mezani kwa mtahini, na yeye hana la kufanya zaidi ya kusubiri. Na kabla ya kuwaletea wanafunzi mhamasishaji mwingine, waulizeni wamesubiri sura zao kwa muda gani.

Mwenzangu, hakuna atakayekuja kukumalizia. Chuo hakiumii ukichelewa, kinapokea ada. Msimamizi haumii, ana wengine. Unayeumia ni wewe na watu wako.

Fomu ya maendeleo itakuja tena hivi karibuni. Safari hii, kama hujasomewa sura, andika hujasomewa. Kama hujaandika, andika hujaandika. Usisaini uongo. Kisha kaa chini umalize kazi yako.