Siku ya Kwanza kwa Mganga wa Viungo

Mtu akivunjika mguu, akafungwa plasta, kisha plasta hiyo ikaondolewa baada ya majuma kadhaa, watu wa nyumbani hushangilia wakidhani kwamba ugonjwa umekwisha. Kumbe mguu utokao ndani ya plasta ni mwembamba, ngozi yake imekauka, goti halikunjiki, na mwenyewe hathubutu kuukanyagia. Hapo ndipo daktari humwandikia karatasi ya kwenda kwenye chumba cha mazoezi, kwa wale ambao hapa Bujumbura tumezoea kuwaita "kine", yaani waganga wanaotibu viungo na misuli kwa mazoezi na kwa mikono yao. Wako wanaoipokea karatasi hiyo kwa shaka, ikachakaa mfukoni. Na miongoni mwa wanaokwenda, wako wanaokwenda mara mbili tu, kisha wakarudi nyumbani wakinung'unika kwamba hawakupewa hata kidonge kimoja.

Makala ya juma hili yawahusu hao, pamoja na wake zao, waume zao na wazazi wao. Walitarajia jambo moja, wakakuta jingine, wala hakuna aliyewaeleza mapema.

Yafaa kwanza askari afahamu kwamba tiba hii ina udugu wa siku nyingi na kazi yake. Mwaka 1813 Bwana Per Henrik Ling alifungua chuo cha mazoezi ya mwili mjini Stockholm, na mwaka 1894 wauguzi wanne wa Uingereza walianzisha chama cha wakandaji waliofundishwa. Lakini kilichoikuza tiba hii ikawa kazi kamili ya hospitali ni Vita Kuu ya 1914 hadi 1918, wakati maelfu ya majeruhi waliporudi makwao na viungo visivyofanya kazi. Chama cha ulimwengu cha waganga hawa kiliundwa mwaka 1951, na tarehe 8 Septemba ndiyo siku yao kila mwaka. Kwa hiyo koplo anayeona haya kulala juu ya mkeka akihesabiwa kuinua mguu mara kumi, yeye ambaye jana alikuwa akiwahesabia wengine hatua uwanjani, na ajue kwamba wamemtangulia wengi waliovaa sare.

Sasa tuingie chumbani. Siku ya kwanza ni siku ya maswali, na maswali hayo huwachosha watu. Maumivu yalianza lini? Huzidi asubuhi au jioni? Unafanya kazi gani? Nyumba yako ina ngazi? Choo chako ni cha kuchuchumaa au cha kukaa? Maji huchotwa wapi, na nani huyachota? Mgonjwa hujiuliza choo chake kinahusiana nini na goti lake. Kinahusiana sana. Polisi asimamaye njia panda kutwa nzima na karani akaaye mezani wanaweza kuwa na jeraha moja, lakini hawahitaji goti la namna moja. Mganga asiyeuliza mambo haya atakufundisha mazoezi ya mtu mwingine.

Baada ya maswali huja vipimo. Atakitazama kiungo kizima kwanza, kisha kile kilicho kigonjwa, apate kuvilinganisha. Ataweka juu ya goti kipimo cha pembe, mfano wa kile walichonacho watoto wetu katika somo la hesabu, aone linakunjika kwa nyuzi ngapi na linanyoka mpaka wapi. Atakuambia usukume mkono wake kwa mguu, naye akuzuie, halafu aandike nguvu ya msuli kwa nambari kuanzia 0 hadi 5. Sifuri maana yake msuli hautikisiki hata kidogo, na tano maana yake una nguvu zake zote. Mwombe akuambie nambari zako. Mgonjwa aliyejua kwamba goti lake lilikunjika nyuzi 40 juma la kwanza na 65 juma la nne hawi mwepesi wa kukata tamaa, hata kama bado anachechemea.

Uende umevaa nguo iachayo kiungo wazi bila kukuvunjia heshima: kaptula kwa mwanamume, na kwa mwanamke kanga au kitenge cha kujifunika. Mwanamke anayetaka dada yake au muuguzi wa kike awepo na aseme bila kusita, kwa maana hilo ni haki yake na wala si usumbufu. Chukua karatasi ya daktari, picha ya mifupa kama ilipigwa, na dawa unazokunywa. Watumishi wa serikali, askari na polisi wachukue pia kadi ya Mutuelle de la Fonction Publique, ile bima iliyoundwa mwaka 1980, na waulize kabla ya kuanza ni karatasi zipi zinazotakiwa. Mambo mengine usingoje kuulizwa: kama una mimba, kama una ugonjwa wa moyo au shinikizo la damu, kama ndani ya mfupa mna chuma, na kama una kisukari kilichoua hisia za nyayo. Mtu asiyehisi joto aweza kuunguzwa na kitambaa cha maji moto bila yeye wala mganga kutambua.

Kisha mtapatana juu ya shabaha. Neno hili askari hawahitaji kufasiriwa. Usiseme tu kwamba wataka kupona. Sema wataka kupanda tena ngazi za ofisini, au kumbeba mtoto, au kuchuchumaa shambani, au, kama mzee mmoja wa Buyenzi atakavyosema, kusujudu bila kushikiliwa. Mganga hupanga mazoezi kwa kufuata shabaha hiyo, na ndiyo itakayowaonyesha nyote wawili kama kazi inasonga mbele.

Je, inauma? Inauma, na asemaye haiumi anakudanganya. Lakini maumivu yana aina zake. Uchovu wa msuli uliotumika, ule unaokuja jioni na kupungua kesho yake, ni wa kawaida. Maumivu makali kama ya kisu, kiungo kinachovimba baada ya mazoezi, au maumivu yanayoendelea kuzidi hata siku ya pili, hayo mwambie mganga upesi ili apunguze kipimo. Na iko hali moja ambayo hata kukandwa hakufai: shavu la mguu mmoja likivimba, likawa la moto na kuuma, hasa baada ya plasta au baada ya kulala kitandani muda mrefu, nenda kwa daktari siku hiyo hiyo. Huenda damu imeganda ndani ya mshipa, na kuikanda ni kuisukuma iende mapafuni.

Hapo ndipo tunapofika kwenye kiini cha maneno yangu. Kikao chumbani huenda kikawa cha nusu saa, labda mara mbili au tatu kwa juma. Saa zote zilizobaki mgonjwa yuko nyumbani, na nyumbani ndiko tiba hii inakofaulu au kuharibika. Wala haiharibiwi na uvivu peke yake. Mara nyingi huharibiwa na huruma.

Chukua mfano wa askari aliyekatwa mguu chini ya goti. Nchi yetu inao wengi, kutokana na vita vilivyoanza mwaka 1993, na jeshi letu lilianza kazi Somalia mwezi Desemba 2007, chini ya Umoja wa Afrika, kazi ambayo nayo ilileta majeruhi. Anarudi nyumbani na kigutu kinachouma. Mkewe, kwa mapenzi, anamwekea mto chini ya goti. Maumivu yanapungua, mume anashukuru, na mto unabaki hapo usiku na mchana. Baada ya majuma machache, kano za nyuma ya goti zimefupika na goti haliwezi kunyoka tena. Mguu wa bandia unahitaji goti linalonyoka. Kwa hiyo mtu huyo, ambaye kidonda chake kimepona vizuri, anaweza kufika Kituo cha Taifa cha viungo bandia na mazoezi kilichoko Gitega, safari ya kilomita 100 hivi kutoka hapa, akaambiwa kwamba hawezi kuvalishwa mguu mpaka goti linyoshwe kwanza. Nimeona ni heri niseme jambo hili kwa urefu kuliko mengine yote, kwa sababu mto huo huwekwa na mtu mwema.

Basi huyo mama afanye nini? Amsaidie mumewe kulala kwa tumbo mara kadhaa kwa siku ili nyonga inyoke, ahakikishe goti limenyoka anapoketi, na ajifunze kwa mganga namna ya kufunga kigutu kwa bandeji inayopishana kama nambari nane, kaza chini, legeza juu, ili uvimbe upungue na kigutu kipate umbo. Mume akisema kwamba vidole vya mguu uliokatwa vinamuuma, asimcheke wala asimpeleke kwa mpunga pepo. Maumivu hayo ni ya kweli. Ubongo bado unautafuta mguu, na waganga wana njia za kuyatuliza, mojawapo ikiwa ni kioo kinachoonyesha mguu mzima mahali pa ule usiokuwapo. Mguu wa bandia wenyewe ukipatikana usitazamiwe kukaa sawa siku ya kwanza. Kigutu huendelea kusinyaa kwa miezi, nao mguu hurekebishwa tena na tena. Kazi hiyo ina mafundi wake hasa. Huko Moshi, Tanzania, chuo cha TATCOT kimekuwa kikiwafundisha tangu mwaka 1981.

Huruma ya namna hiyo hiyo humwumiza mwenye kiharusi. Watoto wanataka kumwinua baba kitandani, wanamvuta kwa ule mkono uliopooza. Bega lisilo na misuli ya kulishika huchomoka mahali pake kwa urahisi, na uchungu wake humzuia kufanya mazoezi kwa miezi. Mshikeni mgongoni na kiunoni, mkono wake muuegemeze. Na msimlishe kwa kijiko kila siku ikiwa anaweza kuufikisha mkono wake kinywani kwa shida. Shida ile ndiyo dawa yake. Najua si rahisi kumtazama mzazi akimwaga uji kifuani, huku wageni wanaona.

Kiwiko nacho kina hatari yake. Kikiwa kimeumia na kukakamaa, kuna wanaokivuta kwa nguvu au kukikanda sana kwa maji ya moto na mafuta. Kiwiko kikisumbuliwa hivyo chaweza kuotesha mfupa ndani ya msuli, kikafungika kabisa. Mwenyewe akikunje na kukikunjua polepole, kwa nguvu zake mwenyewe, kama alivyoonyeshwa.

Kuhusu mgongo nitasema machache. Zamani mwenye maumivu ya kiuno aliamriwa kulala kitandani juma zima au mawili, lakini siku hizi waganga wamekwisha kuacha ushauri huo. Atembee kadiri awezavyo na arudi kazini mapema iwezekanavyo. Ila akishindwa kuzuia haja au mkojo ukagoma, akafa ganzi sehemu za siri, au miguu yote miwili ikalegea, hapo si habari ya mazoezi tena. Apelekwe hospitali usiku huo huo.

Kwa wazazi, jambo la watoto wanaozaliwa na nyayo zilizopinda ndani. Mguu huo hunyoshwa kwa plasta inayobadilishwa kila juma, mara tano hadi nane kwa kawaida, na mara nyingi kano ya kisigino hukatwa kidogo mwishoni. Hapa mjini Taasisi ya Mtakatifu Kizito inajulikana kwa kuwahudumia watoto wenye ulemavu wa viungo. Mguu ukishanyoka, mtoto huvaa viatu vilivyounganishwa na kipande cha chuma: karibu mchana na usiku kwa miezi mitatu, kisha usiku tu mpaka afikie miaka minne au mitano. Wazazi wengi huvitupa viatu hivyo mara waonapo nyayo zimenyoka, kwa sababu mtoto analia. Mguu hurudi ulikokuwa, na kazi huanza upya kwa mtoto aliyekwisha kukua.

Msuli uliodhoofika hauamki kwa siku tatu. Hesabu majuma sita hadi nane ya mazoezi ya kila siku kabla ya kuona nguvu ya kweli, na baada ya kiharusi au kukatwa mguu hesabu miezi. Lakini ikiwa vikao sita vimepita, nawe ulifanya mazoezi nyumbani kama ulivyoagizwa, na nambari zako hazikusogea hata kidogo, una haki ya kumwuliza mganga sababu, naye akubadilishie njia au akurudishe kwa daktari.

Mwisho ni habari ya nauli. Mtu akaaye Kanyosha au Kinama, ambaye kila kikao kinamgharimu nauli ya watu wawili, yeye na msindikizaji wake, aseme hivyo siku ile ile ya kwanza, asingoje mpaka fedha zimwishie kisha atoweke. Mganga akijua mapema atampangia kuja mara moja kila majuma mawili, atamfundisha msindikizaji yale mazoezi hatua kwa hatua, na kumwandikia idadi yake kwenye karatasi ibandikwe ukutani karibu na kitanda.