Kuondolewa kwa vikwazo vya silaha Somalia: haki ya dola, wajibu wa ujirani

Na Mwandishi Wetu, Wasso

Mkazi wa Wasso, wilayani Ngorongoro, ana haki ya kuuliza azimio lililopitishwa New York linamhusu nini. Jibu linaanzia mkoani kwake. Tarehe 24 Novemba 2023, Wakuu wa Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki waliokutana jijini Arusha waliikubali Somalia kuwa mwanachama wa nane. Siku saba baadaye, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha kwa kauli moja Azimio Namba 2714, lililohitimisha vikwazo vya silaha vilivyowekwa dhidi ya nchi hiyo Januari 1992.

Hoja ya Mogadishu ilikuwa nyepesi kuieleza: serikali inayotakiwa kupambana na Al-Shabaab na kupokea ulinzi kutoka kwa vikosi vya Umoja wa Afrika haiwezi kufanya hivyo ikiwa imefungwa mikono. Hata hivyo, kuungwa mkono kwa hoja hiyo kulichukua muda. Vikwazo vililegezwa kwa sehemu mwaka 2013, na Somalia ikatakiwa kwanza kuonesha kuwa inaweza kusajili na kuhifadhi silaha zake kwa usalama.

Uzoefu wa China unaonesha ugumu wa njia hiyo. Umoja wa Ulaya uliizuilia silaha Juni 1989; juhudi za Ufaransa na Ujerumani za kuondoa zuio hilo mwaka 2004 na 2005 zilikwama kwa kukosa kauli moja ya wanachama, huku Marekani ikipinga vikali.

Ieleweke kuwa mlango haukuachwa wazi kwa kila mtu. Azimio Namba 2713, la siku hiyohiyo, liliendeleza vikwazo dhidi ya Al-Shabaab pamoja na ruhusa ya kukagua vyombo vya baharini vinavyoshukiwa kubeba silaha haramu.

Hapo ndipo linapoanza jukumu la majirani. Bunduki ikitoroshwa ghalani haitambui mpaka, na waathirika wa kwanza huwa wafugaji na wasafiri wa maeneo ya pembezoni. Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004 inazitaka nchi wanachama kuweka alama na kumbukumbu za silaha, na Tanzania ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Mafanikio ya diplomasia hii yatapimwa kwa usalama wa raia, si kwa wingi wa shehena. Mwananchi anayetoa taarifa ya silaha haramu kwa vyombo vya dola anashiriki kuulinda usalama huo.