Chuo Kikuu Hakina Kengele

Kijana wa Osiri, huko Migori, aingiapo Chuo Kikuu cha Rongo, kilichopata hati yake ya kuwa chuo kamili mwaka 2016, hakwenda mbali na kwao. Walakini amevuka mpaka mkubwa. Katika shule ya sekondari kengele ilimwamsha, kengele ikamwita darasani, na mwalimu akamfuata alipochelewesha kazi. Chuoni hakuna amfuataye. Wako wadhanio ya kuwa ukimya huo ni ruhusa ya kulala, kumbe ndio mtihani wa kwanza.

Mwanafunzi mwenye busara hujipigia kengele mwenyewe. Huandika daftarini saa za mihadhara, saa za maktaba, na siku ya kutoa kila insha. Wachimbaji wa dhahabu wa Osiri husaga mawe na kuosha mchanga mwingi ili wapate chembe chache; naye vivyo hivyo, kila jioni huyachuja aliyoyaandika mchana, akabakiza machache kwa maneno yake mwenyewe. Asipofahamu jambo huuliza siku ile ile, wala haoni haya.

Desturi hizo ndizo atakazokwenda nazo ofisini wakati wa mafunzo ya kazi. Huko mkubwa wake hatazami alama za mtihani tu. Hutazama kama amefika kwa wakati, kama barua imejibiwa, na kama faili limerudishwa mahali pake.

Nyumbani ng'ombe ameuzwa kwa ajili ya karo, na mzazi aliyemwuza hatakuwapo chuoni kumwamsha mwanawe. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.