Kabla ya Joho, Uliza Mlango wa Pili

Kama unaishi Umoja, Kayole, Donholm ama Buruburu, huhitaji kuangalia kalenda ili ujue Desemba imefika. Utaona hema jeupe limefunga njia baina ya nyumba na nyumba, viti vya kukodi vinashushwa kutoka mkokotenini, na mbuzi wawili wamefungwa karibu na lango wakiwatazama wageni kwa mashaka. Kuna mtoto wa mtu aliyefuzu chuo kikuu. Hotuba zitaanza saa nane, na mjomba kutoka mashambani atasimama aseme kwamba sasa kitabu kimekwisha, kazi imeanza.

Pilau hiyo nimeila miaka mingi na sina neno baya juu yake. Neno langu ni kwa mjomba. Siku hizi kitabu hakiishi siku ya joho. Anayetaka kuwa wakili, anayetaka kufundisha sekondari ilhali hakusomea ualimu, anayetaka shahada ya uzamili hapa nyumbani ama ng'ambo, wote hao bado wana mlango wa pili wa kubisha. Na mlango huo una bawabu anayependa sana kuuliza mambo ya zamani.

Januari iliyopita nilitembelewa na mama mmoja wa Umoja. Alikuwa na bahasha ya kaki, na alikataa chai. Katika mitaa yetu mtu akikataa chai, ujue jambo lililomleta ni zito. Binti yake amehitimu sheria, na picha ya joho imekwisha kutundikwa sebuleni juu ya televisheni. Mama huyu anauza nguo za mitumba Gikomba, na karo ya miaka minne ameitoa humo humo, robota baada ya robota. Sasa binti ameketi kujaza fomu za kuendelea na masomo ya uwakili, akakuta anaulizwa alama za Kidato cha Nne. Kiingereza alipata B-. Kiswahili, B- vilevile.

"Mwalimu," akaniuliza, "mtu ana digrii mkononi, anaulizwaje tena mambo ya sekondari?"

Jibu si tamu, lakini nilimpa. Shahada ya sheria peke yake haimfanyi mtu wakili hapa Kenya. Ni lazima apitie Chuo cha Mafunzo ya Uanasheria, kile cha Karen ambacho wengi wanakijua kwa herufi KSL, afanye mitihani ya masomo tisa inayosimamiwa na Baraza la Elimu ya Sheria, na akae miezi sita katika ofisi ya wakili akijifunza kazi. Sheria ya 2012 inayoongoza chuo hicho ilitaja, miongoni mwa masharti yake, wastani wa C+ katika KCSE na angalau B katika Kiingereza ama Kiswahili. Maneno ya kifungu hicho yamefikishwa mahakamani mara si moja, watu wakibishana yanamhusu nani na yanamwacha nani. Mimi si hakimu na sitaamua kesi kwenye ukurasa huu. Nasema tu kwamba wakati wa kuuliza ni kabla ya kulipa karo ya muhula wa kwanza wa sheria. Nenda mwenyewe, uliza sharti lililopo mwaka huo, na uombe jibu lililoandikwa.

Ualimu nao ni hivyo hivyo. Kijana aliyesoma sayansi ama fasihi anaweza kuongeza stashahada ya uzamili ya ualimu, lakini akifika kwa Tume ya Kuwaajiri Walimu ataulizwa kama alipata C+ katika KCSE, na C+ katika masomo mawili anayotaka kufundisha. Wapo waliogundua hilo wakiwa na digrii mbili kabatini.

Hebu sasa tugeukie wale wa shahada ya uzamili, maana hapa ndipo kuna makosa mengi yanayoweza kuepukwa. Katika vyuo vyetu vingi alama 70 kwenda juu ni daraja la kwanza, 60 hadi 69 ni daraja la pili kitengo cha juu, na 50 hadi 59 ni kitengo cha chini. Kwa kozi nyingi za uzamili katika Chuo Kikuu cha Nairobi, kitengo cha juu ndicho kinachokufungulia moja kwa moja. Mwenye kitengo cha chini mara nyingi ataambiwa alete miaka kadhaa ya kazi inayohusiana na somo lake. Sasa hesabu mwenyewe: kijana mwenye wastani wa 59 na mwenye 60 wametenganishwa na alama moja. Alama hiyo haipotei mwaka wa nne. Hupotea mwaka wa pili, wakati ule wa kusema "nitajitahidi baadaye", huku somo moja likirudiwa na jingine likipitwa kwa 41.

Ewe mwanafunzi unayesoma haya ndani ya matatu nambari 58 ukirudi Buruburu, nikuulize: kuna mhadhiri hata mmoja anayelijua jina lako? Usinijibu haraka. Fomu za uzamili, na za ufadhili hasa, huomba barua za mapendekezo kutoka kwa watu wawili ama watatu waliokufundisha. Mimi mwenyewe, enzi zangu, nilimwendea mhadhiri mmoja kuomba barua ya namna hiyo. Alivua miwani, akanitazama kwa upole, akasema, "Kijana, kwani ulikuwa darasani kwangu?" Nilikuwa. Miaka mitatu nilikaa kiti cha nyuma kabisa, karibu na dirisha, na sikuwahi kuuliza swali. Barua aliniandikia, mistari minne, na ilisema ukweli mtupu: kwamba nilihudhuria. Ufadhili sikuupata, na sikuwa na wa kumlaumu.

Mwalimu anayekujua ni mali. Mtazame marehemu Wangari Maathai. Alikwenda Marekani mwaka 1960, akapata shahada ya kwanza huko Kansas mwaka 1964 na ya pili Pittsburgh mwaka 1966. Akarudi Nairobi akiwa na barua ya kazi ya utafiti katika chuo kikuu, akafika na kuambiwa nafasi imepewa mtu mwingine. Wengi wetu tungerudi nyumbani kulia. Yeye alikutana na Profesa Reinhold Hofmann, Mjerumani kutoka Giessen aliyekuwa akianzisha idara ya anatomia ya mifugo hapa Nairobi, akaajiriwa kwake. Profesa huyo ndiye aliyemhimiza asome zaidi, akaenda Ujerumani kwa muda, na mwaka 1971 akapata shahada ya uzamifu hapa Nairobi, mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na ya Kati kufika hapo. Kazi ya kwanza ilipeperuka, lakini alikuwapo mtu aliyeona mikono yake ikifanya kazi maabarani, naye akamsemea.

Na safari zile za ndege za kupeleka vijana Marekani, ni haki sisi wa Eastlands kujivunia kidogo. Tom Mboya, aliyezipanga pamoja na wenzake, alipata kuishi hapa hapa Ziwani. Kundi la kwanza la mwaka 1959 lilikuwa na wanafunzi 81. Watu hukumbuka ndege tu. Husahau kwamba kabla ya ndege kijana alipaswa kuwa amekwisha kuandikia chuo, akasubiri posta, akajibiwa kuwa amekubaliwa, na jamaa zake wakachanga pesa za matumizi.

Siku hizi barua haziendi kwa meli, lakini kalenda bado ni kali. Vyuo vingi vya Marekani hufunga maombi Desemba ama Januari kwa masomo yatakayoanza Agosti au Septemba. Kijana wetu anafuzu Desemba, anakula sherehe, anapumzika, anaamka Machi. Amechelewa mwaka mzima. Anayejipanga huanza kuandika akiwa bado mwaka wa nne, anaomba nakala ya matokeo ya miaka mitatu aliyokamilisha, na kumwarifu mhadhiri wake mwezi mmoja na nusu kabla ya tarehe ya mwisho. Akiona ada ya maombi imemshinda, anakiandikia chuo chenyewe na kuomba asamehewe. Vipo vinavyosamehe. Na mtihani ule wa GRE, ambao zamani ulitutoa jasho na pesa, vyuo vingi havikuulazimisha tena tangu 2020, kwa hiyo soma masharti ya idara unayoiomba kabla ya kumkimbilia babako akukopee ada.

Kisha kuna insha ya kujieleza. Hapa nitasema jambo ambalo huenda likawaudhi baadhi yenu. Nimesomeshwa insha nyingi za vijana wa mitaa hii ili nizikosoe, na tisa kati ya kumi huanza kwa kusema, "Nilizaliwa katika familia maskini." Ni kweli, lakini msomaji wa insha hizo ameisoma sentensi hiyo mara mia kabla ya chakula cha mchana. Kijana mmoja wa Dandora aliniletea ya kwake ikiwa imeanza hivyo hivyo. Nikamuuliza kwa nini anataka kusoma kemia zaidi. Akasema tangu utotoni moshi wa jaa ukielekea kwao mama yake huanua nguo kamba zima, na alipofika mwaka wa tatu akaanza kujiuliza moshi huo una nini ndani. Jaa hilo limekuwapo tangu 1975, wazazi wake wamelikuta. Nikamwambia, "Hiyo ndiyo insha. Umaskini uache, andika moshi." Aliandika upya usiku ule ule.

Kuhusu mawakala wanaoahidi nafasi ng'ambo ukilipa kwanza, nisikuchoshe. Wazazi wa Uasin Gishu walilipia mpango wa masomo ya Finland na Canada, wengi wakauza mashamba, na 2023 walikuwa barabarani Eldoret wakiandamana. Ufadhili wa kweli haukuombi pesa ya kuupata.

Najua utaniambia, mwalimu, haya yote yanataka utulivu, na sisi tuko watu sita vyumba viwili, redio ya jirani haizimwi. Ni kweli. Lakini tunazo maktaba ambazo twazipita tu: ya Kaloleni, ya Makadara, na ile ya kitaifa hapo Buruburu. Kaloleni na Makadara zimekarabatiwa miaka ya karibuni, meza zipo, na hakuna anayekuuliza babako ni nani.

Turudi kwa mama wa Umoja. Tulikubaliana binti yake aende Karen mwenyewe akaulize na aje na jibu lililoandikwa, na wakati huo huo aombe shahada ya uzamili, kwa kuwa matokeo yake ya chuo yako kitengo cha juu na kuna mhadhiri aliyemsimamia katika utafiti wake. Sikumwahidi zaidi ya hapo. Mama aliirudisha bahasha mkobani, akasimama kama anayeondoka, kisha akaketi tena. Akatoa simu, akampigia mwanawe mdogo ambaye bado yuko sekondari na siku hiyo alikuwa nyumbani.

"Wee," akasema, "Kiswahili muhula uliopita ulipata ngapi? Usinidanganye."

Alisikiliza kimya kwa muda. Halafu akaniambia sasa ile chai ataikunywa.