Petro Angeketi Wapi Tarime?



Sisi mafrateri tunaosoma falsafa tukienda likizo huulizwa swali moja na wazee wetu: hayo mnayosoma yatatusaidia nini huku? Ni swali la haki, na halijibiwi kwa kutaja majina ya Wagiriki. Leo nitajaribu kulijibu kwa kitu ambacho kila mtu wa Tarime na Serengeti anakijua, yaani benchi la mama lishe.

Hoja yangu ni hii. Katika wilaya zetu hizi mbili, ambako koo zimepigana na makabila yamedharauliana kwa muda mrefu, banda la mama lishe hufanya kila siku jambo ambalo Kanisa hulihubiri na mara nyingi hushindwa kulifanya kwenye sherehe zake. Huwaketisha pamoja watu ambao desturi imewatenganisha. Tunapaswa kulitazama banda hilo kwa heshima, na kujifunza kwake.

Sahani moja, nchi mbili

Tuanzie Tarime mjini, karibu na stendi na sokoni. Asubuhi kuna uji wa ulezi, supu na chapati, chai ya maziwa na maandazi. Mchana ndipo sahani inapoanza kusimulia historia. Ugali ni wa muhogo uliochanganywa na mtama, mzito na wa rangi ya udongo, au ni wa mahindi kutoka milimani ambako ndizi na kahawa hustawi. Kando yake kuna mgagani, ile mboga chungu ambayo mpishi mwenye subira huilainisha kwa maziwa. Kisha kuna sato au dagaa kutoka ziwani, upande wa Rorya.

Tazama vizuri. Unga umetoka kwa Mkurya, samaki ametoka kwa Mjaluo. Rorya ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Tarime hadi 2007, ilipokuwa wilaya yenyewe. Watawala waliweka mpaka, lakini sahani haikugawanywa. Na jioni, kwenye nyama choma, huletwa kichuri, yale majimaji machungu yatokayo kwenye utumbo wa ng'ombe au mbuzi, ambayo Mkurya huchovya nyama yake kwa furaha. Mgeni kutoka mbali hukunja uso mara ya kwanza. Mara ya tatu anauliza kama kimebaki.

Panda gari kuelekea kaskazini hadi Sirari. Ng'ambo ni Isebania, Kenya, na Wakurya wako pande zote mbili. Hapo mwenye banda hupokea shilingi ya Tanzania na ya Kenya, na hufanya hesabu kichwani haraka kuliko wengi wetu darasani. Dereva wa lori, kijana wa bodaboda, karani wa forodha na mwanamke aliyevuka na mzigo wa nguo wanasubiri chai kwenye benchi moja. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulitiwa saini 1999. Hapa Sirari watu walikuwa wakila pamoja kabla ya wino wake.

Ukienda Nyamongo, karibu na mgodi wa North Mara ulioanza uzalishaji 2002, utakuta sura nyingine. Dhahabu imeleta Wasukuma, Wachaga, Wahaya na watu wa pwani katikati ya vijiji vya Wakurya. Kwenye kazi wako chini ya mabosi tofauti na mishahara isiyolingana, na uhusiano wa mgodi na vijiji umekuwa na machungu yake. Lakini saa saba mchana wote hutafuta wali maharage.

Na Mugumu, makao makuu ya Wilaya ya Serengeti, mezani utasikia Kikurya, Kingoreme, Kiikoma na Kisukuma ndani ya nusu saa. Dunia nzima inalijua jina la Serengeti kwa sababu ya hifadhi iliyoanzishwa 1951, lakini wageni wengi hulala na kula ndani ya hifadhi, au hupita na chakula kilichofungwa kwenye maboksi. Wanarudi kwao wakimjua nyumbu na simba, bila kumjua mama aliyewasha moto Mugumu saa kumi alfajiri.

Mpaka ulio ndani ya meza

Sasa kwa nini jambo hili ni kubwa? Kwa sababu si jambo la kawaida. Mtu asiyetujua anaweza kudhani kwamba kula pamoja ni tabia tu ya Waafrika. Sivyo. Kwetu, meza ilikuwa na sheria kali. Baba alikula na wanaume, mama na watoto walikula kwao, na mkwe hakuketi mbele ya mkwewe. Kula kulionyesha nani ni wetu na nani si wetu.

Wanchari, Warenchoka, Watimbaru, Wairege, Wanyabasi, Wakira: haya ni majina ya heshima, ya ndugu wa damu. Lakini tunajua jinsi ardhi na ng'ombe walivyoweza kuwafanya ndugu hao washike mishale na mapanga. Si bure kwamba Tarime na Rorya zimepewa mkoa wao wa kipolisi. Kati ya Mkurya na Mjaluo kulikuwa na jambo jingine tena, nalo ni tohara. Mkurya alihesabiwa mtu mzima baada ya kutahiriwa, na Mjaluo kwa jadi yake hakutahiri. Hivyo mzee wa Kijaluo mwenye wajukuu angeweza kuitwa mvulana na kijana wa miaka kumi na minane. Leo vijana wengi wa Kijaluo wametahiriwa hospitalini, lakini dharau huondoka polepole kuliko desturi iliyoizaa.

Ndugu msomaji, waliotahiriwa na wasiotahiriwa, na swali la nani ale na nani: je, hili hatujalisoma mahali fulani?

Antiokia

Katika Waraka kwa Wagalatia (Gal 2:11-14), Mtakatifu Paulo anasimulia jinsi alivyompinga Petro uso kwa uso. Petro alipofika Antiokia alikuwa akila na Wakristo wa mataifa, watu wasiotahiriwa. Ndipo wakaja wengine kutoka Yerusalemu, kwa Yakobo. Petro akaanza kujitenga, kwa sababu aliwaogopa watu wa tohara. Wengine wakamfuata, hata Barnaba.

Tuangalie kosa lenyewe. Petro hakukana fundisho lolote. Hakusema kwamba mataifa hawawezi kuokoka. Alihama meza tu. Kwa Paulo hiyo ilitosha kusema kwamba hawaenendi sawasawa na ukweli wa Injili. Maana yake, ukweli wa Injili unaweza kukanwa kwa mahali unapoweka kiti chako, wakati mdomo wako bado unasema kweli.

Naamini Petro angefika Tarime leo, angeweza kuhubiri vizuri sana kanisani. Jaribu lake lingekuja baada ya Misa, wakati wa kuamua ataketi wapi kula.

Mwanafalsafa angesema nini?

Mwenzangu wa darasani ameniambia kwamba ninalipamba banda. Watu hawaendi pale kutafuta amani, alisema, wanakwenda kwa sababu wana njaa na chakula ni nafuu. Wakimaliza, kila mtu anarudi kwenye ukoo wake. Ng'ombe wakiibwa usiku, hakuna atakayekumbuka kwamba mchana alipitishiwa chumvi na mtu wa upande ule.

Pingamizi hili ni zito, na Aristotle angeliunga mkono kwa nusu. Yeye aligawa urafiki katika aina tatu: wa manufaa, wa raha na wa wema. Urafiki wa bandani ni wa manufaa, na urafiki wa manufaa huisha manufaa yakiisha. Lakini Aristotle huyohuyo, katika kitabu chake cha maadili, anakumbusha methali ya watu wa zamani kwamba watu hawawezi kujuana kabla ya kula chumvi nyingi pamoja. Pia anafundisha kwamba tunapata fadhila kwa kutenda. Mtu huwa mwenye haki kwa kufanya mambo ya haki mara nyingi, hata kabla hajaelewa kwa nini.

Basi benchi la mama lishe halileti urafiki kamili. Ni mahali pa mazoezi. Kijana wa Kikurya anayesogea ili Mjaluo apate nafasi hafikirii tohara wala Injili. Anasogea kwa sababu benchi ni fupi na mama amemwambia asogee. Amesogea leo, na kesho atasogea tena. Mwili umejifunza jambo ambalo kichwa bado hakijakubali. Ni kweli kwamba mazoezi pekee hayazuii vita. Lakini nauliza: mahali ambapo hata mazoezi hayo hayapo, amani itaanzia wapi?

Kuna pingamizi la pili, na hili linanisumbua zaidi. Asiye na pesa haketi. Meza ya banda iko wazi kwa makabila yote, lakini si kwa maskini wote. Mama ana daftari la madeni, na wengi tumeona akimwandikia mtu ambaye anajua hatalipa mwezi huu. Hata hivyo daftari lina kurasa chache, na mama ana watoto wake. Banda haliwezi kufika mbali zaidi ya hapo. Meza ya Kanisa ndiyo ingepaswa kuanzia pale banda linapoishia.

Je, inaanzia hapo?

Sherehe zetu

Hapa naomba nisikilizwe kwa upendo. Tazama sherehe nyingi za parokia zetu, za somo, za upadrisho, za jubilei. Misa imekuwa moja, tumepeana amani kwa mikono. Kisha inakuja saa ya chakula, na ghafla kuna meza kuu yenye kitambaa na maua, kuna chumba cha wageni maalumu ambako kuku na soda zimetangulia, na kuna foleni ndefu uani ya wanaosubiri wali kwenye jua. Na wale akina mama waliopika tangu usiku hula mwisho, wakisimama, kilichobaki sufuriani.

Wakorintho walifanya jambo linalofanana na hili. Mmoja alikaa na njaa, mwingine amelewa, na Paulo aliwaambia kwamba hiyo si karamu ya Bwana tena (1Kor 11:20-22).

Jumuiya Ndogo Ndogo nazo zitazamwe. Tumezipanga kwa ujirani, na ni mpango mzuri. Lakini katika vijiji vyetu vingi jirani ndiye mtu wa ukoo. Basi mtu anaweza kusali kwenye jumuiya miaka ishirini, aifahamu Biblia vizuri, na asiwahi hata siku moja kula nyumbani kwa mtu wa ukoo wa pili. Kwa hilo banda la sokoni limetupita.

Sisemi kwamba viongozi wasiheshimiwe. Heshima ni sehemu ya utu wetu, na mzee kupewa kiti si dhambi. Nasema kwamba heshima inayohitaji mlango uliofungwa wakati wa kula imeanza kufanana na ile ya Antiokia.

Napendekeza mambo matatu, na hakuna linalohitaji bajeti. Kwanza, katika sherehe za parokia, mapadre, mafrateri na wageni wagawanywe kwenye meza za waamini badala ya kukusanywa kwenye meza moja. Pili, jumuiya za koo tofauti, na za Wakurya na Wajaluo pale walipo karibu, zialikane kula angalau mara moja kila Kwaresima inapokwisha na Majilio yanapokwisha. Upande mmoja ulete unga, mwingine samaki, kama sahani ya Tarime mjini inavyofanya bila kuambiwa na mtu. Tatu, waliopika waketi na kuhudumiwa. Sisi mafrateri tuna mikono, tunaweza kugawa wali na kuosha vyombo. Alhamisi Kuu tunaosha miguu mbele ya watu wote, na sufuria la Jumapili ni jepesi zaidi ya hapo.

Kwa wazee wanaouliza falsafa itatusaidia nini, hili ndilo jibu langu kwa sasa: inatusaidia kuliona jambo kubwa ndani ya jambo tulilolizoea. Na kwako, ndugu msomaji, ukipita Sirari, Nyamongo au Mugumu mchana na tumbo linadai, ingia kwenye banda la karibu. Usitafute meza ya pembeni. Kaa penye watu, na mama akikuambia usogee, sogea.