Kelele Isifunikwe kwa Redio

Kompresa ya kiyoyozi cha gari kuukuu ianzapo kupiga kelele, madereva wengi huongeza sauti ya redio. Sisi twaona ni afadhali kuzima kiyoyozi na kusikiliza. Kelele ikikoma, huenda kasoro imo ndani ya kompresa au kwenye klachi yake; ikiendelea, tushuku beringi ya puli, maana puli huzunguka daima injini iwakapo. Beringi ikikwama, mkanda waweza kukatika, nao katika magari mengi huzungusha pia dinamo na pampu ya maji. Hapo abiria wote watakwama kwenye barabara ya Mahagi. Bunia iko kwenye mwinuko unaozidi mita 1,200. Ubaridi wa mashine twaweza kuukosa. Anayebeba wenzake asichelewe kumwona fundi.