Kompyuta hazijafa, tupeni neno la siri

Leo tuko na hasira kidogo, mtusamehe.

Pale tunapojifunzia, kompyuta nne zimerudishwa kwenye boksi. Ubuntu ilijisasisha yenyewe, asubuhi tukawasha, kioo cheusi. Tukaambiwa eti zimekufa, mngojee fundi kutoka Kampala.

Hazijafa, bwana! Keneli ndiyo moyo wa Linux. Ikija keneli mpya, draiva ya NVIDIA lazima ijengwe upya kwa ajili yake, na kazi hiyo hufanywa na DKMS. Ikikosa pakiti ya linux-headers ya keneli hiyo, haijengi kitu. Picha inapotea, mashini ni nzima.

Dawa yake? Washa huku ukibonyeza Esc au Shift mpaka menyu ya GRUB itokee. Ingia Advanced options, chagua keneli ya zamani. Picha ikirudi, weka linux-headers ya keneli mpya kwa apt, kisha andika dkms status uhakikishe draiva imejengwa. Bando kidogo tu inatosha.

Kweli, kuna kadi zilizozeeka. GeForce za 400 na 500 zinategemea draiva 390, ambayo NVIDIA iliacha kuihudumia mwisho wa 2022. Hizo toa draiva ya NVIDIA, tumia Nouveau. Itaenda polepole, lakini barua ya kuomba kazi itaandikwa.

Sasa shida yetu. Dawa hii inataka neno la siri, na wanalo wafanyakazi wawili tu. Wanasema tutaharibu. Tuharibu nini, na keneli ya zamani iko pale ya kurudia? Tena kilichozima kioo ni sasisho, siyo kijana.

Sisi tuliovuka Mpondwe na wadogo zetu mgongoni, mnatuamini kutafsiri mikutano yenu, hata maneno ya mgonjwa mbele ya daktari. Neno la siri la kompyuta ndiyo mnaogopa?

Ubuntu maana yake ni utu. Utu bila kuaminiana ni jina tu.

Hatuombi kompyuta mpya. Chagueni vijana wawili, muwape neno la siri, kila walichofanya kiandikwe. Jumatatu tutakuja na daftari. Nyinyi leteni boksi.